Kwa nini matumbawe hayaoti kwenye mawe ya Gitaza, na ni nini kinachoota badala yake?

Anayetoka Bujumbura kuelekea Rumonge kwa barabara ya taifa nambari 3 hupita Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, mahali ambapo milima imesogea karibu kabisa na ukingo wa Ziwa Tanganyika. Chini ya maji, sehemu nyingi za mwambao huo zina mawe makubwa yaliyopangana, mengine yamesimama wima mithili ya ukuta.

Ukuta wa namna hiyo unajulikana mbali sana na Burundi. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya, Marekani na Japani huuiga nyuma ya matangi yao ya vioo, na ndani yake hufuga samaki ambao asili yao ni ziwa hili. Wenzao wanaofuga viumbe wa baharini nao wana ukuta wao, ila wao huufunika kwa matumbawe laini, yanayopepea katika maji kama nyasi katika upepo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hujiuliza. Maji ya Tanganyika ni ya uvuguvugu, kwa kawaida ni maangavu, jua halikosekani na mawe ni tele. Kwa nini basi matumbawe hayapo? Jibu lake linagusa umri wa ziwa, chumvi ya maji yake, na hatari inayoyakabili mawe ya Gitaza hivi leo.

Tumbawe laini ni kiumbe gani?

Neno matumbawe ni la watu wa pwani. Lamu, Mombasa na Zanzibar, nyumba na misikiti ya kale ilijengwa kwa mawe yake. Mawe hayo ni mabaki ya matumbawe magumu, ambayo hujijengea mifupa ya chokaa na hatimaye kuwa miamba.

Matumbawe laini ni ndugu zao, lakini hayajengi mwamba. Mwilini yana vijiti vidogo mno vya chokaa, visivyotosha kuwa mfupa. Ingawa hufanana na mimea, ni wanyama. Kila kundi lina viumbe vidogo vingi viitwavyo polipi, na kila polipi ina mikono minane yenye vishada pembeni. Ndani ya miili ya aina nyingi huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake.

Ukaribu huo una gharama yake. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998, joto la El Niño liliua matumbawe mengi katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa njia hiyo.

Yanaoteshwaje ukutani?

Katika tangi la maji ya chumvi, kazi huanza kwenye ukuta wenyewe. Kioo kitupu hakifai sana, kwa kuwa ni kitelezi na husafishwa mara kwa mara. Wafugaji huweka bamba lenye mikwaruzo na mashimo, au vipande vya mawe vilivyogandishwa pamoja. Bamba hilo huachwa majini kwa wiki kadhaa mpaka lipate utando wa viumbe wadogo, ndipo matumbawe huletwa.

Kosa linalowapata wengi ni kujaribu kumgandisha mnyama mwenyewe. Mwili wa tumbawe laini umejaa ute, na gundi haishiki kwenye ute. Njia inayofaa ni kukata kipande kidogo kwa wembe mkali, kukilaza juu ya kijiwe ndani ya chombo chenye wavu, na kukiacha mahali ambapo maji hayasukumi kwa nguvu. Baada ya wiki mbili au tatu kipande hujishikiza chenyewe. Hapo kijiwe, wala si mnyama, ndicho kinachogandishwa ukutani kwa gundi kali ya kukauka haraka.

Uchaguzi wa aina nao una uzito wake. Aina zinazotambaa kama zulia, zikiwemo zile za jamii ya Briareum zenye polipi za kijani, hupanda ukuta bila msaada mwingi na huweza kuwafunika majirani zao. Xenia huenea upesi. Sarcophyton, yenye umbo la uyoga, huhitaji kijukwaa kinachotokeza, kwani hukua kuelekea penye mwanga. Ndiyo maana taa iliyoelekezwa chini tu huuacha ukuta wa nyuma gizani. Sharti ielekezwe kidogo upande huo.

Maji hutakiwa yawe na chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita na joto la nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Tahadhari moja ni ya lazima: wafugaji wengi huchanganya na matumbawe laini viumbe viitwavyo zoanthidi, na baadhi yao wana sumu kali sana iitwayo palitoksini. Kuwakata bila glavu na miwani ya kinga, au kuwachemsha pamoja na mawe yao, kumewahi kuwapeleka watu hospitalini.

Kwa nini si Tanganyika?

Chumvi ndiyo sababu ya kwanza. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina chini ya gramu moja ya chumvi za kila aina, wakati lita ya maji ya bahari ina gramu 35. Mwili wa tumbawe umezoea maji ya bahari. Ukitiwa katika maji baridi, maji huingia katika chembe zake kwa kasi, chembe huvimba, na mnyama hufa.

Sababu ya pili ni chokaa. Lita ya maji ya bahari ina zaidi ya miligramu 400 za kalsiamu. Ya Tanganyika ina miligramu 10 hivi. Hata hivyo, maji ya ziwa hili yana ualikali mkubwa, na katika baadhi ya sehemu za mwambao wake bakteria wenye rangi ya kijani na buluu wamejenga mawe ya tabaka yaitwayo stromatoliti. Kwa hiyo ziwa lina wajenzi wake wa mawe, ingawa si matumbawe.

Sababu ya tatu ni historia. Tanganyika ni ziwa la Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia, kisha mito ikajaza bonde. Wanasayansi wengi hukadiria umri wake kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na kina chake hufikia mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal. Bahari haikuwahi kuingia humo, na mabuu ya matumbawe hayakupata njia.

Fumbo lililowashughulisha wataalamu

Jambo hili halikuwa wazi tangu mwanzo. Mwaka 1883, msafiri Mjerumani Richard Böhm aliona katika Ziwa Tanganyika kiumbe kilichomshangaza: yavuyavu, yule mnyama laini mwenye umbo la mwavuli ambaye wavuvi wa baharini humkwepa kwa sababu ya kuwasha kwake. Yavuyavu na tumbawe ni wa ukoo mmoja. Yule wa Tanganyika, aliyepewa jina la Limnocnida tanganyicae, ana upana wa sentimita 2 hivi na hana madhara kwa binadamu.

Wachunguzi waliona pia konokono wa ziwani wenye magamba mazito na yenye miiba, yanayofanana sana na ya konokono wa baharini. Mwingereza John Moore, aliyeongoza safari mbili za utafiti kati ya 1895 na 1900, aliamini kuwa ziwa hili ni mabaki ya mkono wa bahari ya kale. Alilitetea wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1903.

Wazo hilo halikusimama. Jiolojia ilionyesha kuwa ziwa ni zao la Bonde la Ufa, na konokono wale walipata magamba mazito humu humu, katika mashindano ya muda mrefu na kaa na samaki wanaovunja magamba. Jina la Moore limebaki kwa njia nyingine: samaki mmoja mashuhuri wa mawe ya Tanganyika huitwa Tropheus moorii, jina alilopewa mwaka 1898.

Zulia la kijani

Ni nini basi kinachofunika mawe ya Gitaza? Ni utando wa kijani na hudhurungi ambao muogaji huuhisi kama utelezi chini ya mguu. Una mwani wa nyuzi, mwani wa chembe moja wenye ganda la kioo, bakteria, mabuu ya wadudu, na kamba wadogo mno wenye magamba mawili. Hapa na pale kuna sifongo za maji baridi zilizoshikamana na jiwe.

Utando huo ni shamba. Samaki wa jamii ya Tropheus hukwangua mwani wa nyuzi. Wengine huchana chembe zilizonasa katikati ya nyuzi. Wengine hufyonza wadudu kutoka katika nyufa. Na wengine huwawinda wote hao. Ziwa lina takriban aina 200 au zaidi za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Sehemu kubwa ya utajiri huo imefungamana na mawe.

Samaki hao ndio waliolipeleka jina la Burundi katika nyumba za watu wa mbali. Mbelgiji Pierre Brichard aliwakusanya na kuwasafirisha nje kutoka Burundi kwa miaka mingi, akaandika vitabu juu yao mwaka 1978 na 1989. Samaki mmoja mdogo mwenye mapezi marefu, Neolamprologus brichardi, ana jina lake, na wafugaji humwita binti mfalme wa Burundi.

Anayefuga samaki wa Tanganyika hahitaji matumbawe ukutani. Anahitaji mawe yenye mwani. Wafugaji hodari huweka mawe ndani ya ndoo ya maji penye jua kwa wiki kadhaa mpaka yawe ya kijani, kisha huyaingiza tangini na kuyatoa yale yaliyokwisha kukwanguliwa. Ni kilimo cha zamu, sawa na kupumzisha shamba.

Tope linaposhuka

Shamba la ziwani halina zamu ya namna hiyo. Mwani huhitaji mwanga na jiwe safi. Ukifunikwa na udongo, hukosa vyote viwili. Samaki anayekwangua hujaza tumbo mchanga, nyufa za kuficha mayai huzibwa, na wadudu hupungua.

Milima iliyo juu ya Gitaza ni mikali, inalimwa, na udongo wake huteleza. Mwezi Machi 2015, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu Gitaza, yakabomoa nyumba na kukata barabara ya Rumonge. Familia nyingi zilibaki bila makazi. Udongo ule ule uliowaangamiza watu nchi kavu ndio unaoishia ziwani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na Andrew Cohen na wenzake ulilinganisha sehemu za mwambao wa Tanganyika zilizo chini ya milima yenye misitu na zile zilizo chini ya milima iliyofyekwa. Palipopokea udongo mwingi palikuwa na aina chache zaidi za samaki na za wale kamba wadogo wenye magamba mawili.

Ni kweli kwamba ndagala na mukeke, samaki wanaolisha masoko ya Rumonge na Bujumbura, huvuliwa katika maji ya mbali na mawe. Lakini samaki wa mawe huvuliwa na wengi wasio na mitumbwi mikubwa, kwa ndoana na nyavu ndogo, na maji ya kandokando ndiyo wanamokulia vifaranga wa aina nyingi.

Hatua zinajulikana. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika ziachwe huru. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko, majani ya kufunga udongo kwenye kingo za matuta, na miti kwenye miteremko hupunguza tope kabla halijafika mtoni. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Anayeishi ufukweni na apitishe kidole juu ya jiwe lililo chini ya maji, mahali penye kina cha goti, siku chache baada ya mvua. Utelezi wa kijani ni dalili kwamba shamba bado lipo hai. Vumbi la kijivu linalotimka na kuyachafua maji ni dalili kwamba udongo wa mlimani umeshafika.