Kiswahili Chetu Nakivale

Mgeni aingiaye Mbarara kwa mara ya kwanza hupokewa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, kisha na matoke mezani. Ndivyo walivyopokewa wanafunzi wawili wa uuguzi kutoka Ulaya, waliokuja kufanya mazoezi ya kazi. Tulifuatana nao hadi makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tukitaka kuwaeleza wapiganaji na askari polisi wenzetu jinsi mgeni anavyoiona nchi yetu.

Walitarajia mahema na seng'enge. Waliyoyaona ni mashamba ya mahindi na maharagwe, nyumba za udongo na maduka ya Wasomali. Nakivale, iliyo kando ya ziwa la jina hilo, ilitangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, na mkimbizi hapa hupewa kipande cha ardhi alime. Wa kwanza walitoka Rwanda. Leo walio wengi ni Wakongo.

Katika kituo cha afya aliingia mama wa Kikongo, mtoto mgongoni akiwaka homa. Wageni wakauliza kwa Kiingereza, hakuelewa. Mkalimani alikuwa hajafika, nasi tukajitolea. Kwani Kiswahili si lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za KAR? Na tangu mwaka 2005 Katiba imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

"Mama, mtoto anaumwa nini?"

Kimya. Alitazama viatu vyetu. Tukarudia kwa sauti kubwa zaidi, na hapo tulikosea. Mama akamkumbatia mtoto, akasogea mlangoni.

Muuguzi mwenyeji alitunong'oneza kwamba waliobisha hodi kwa mama huyo usiku, huko Kivu, walivaa kombati na walisema Kiswahili. "Afande, tunaomba mtusubiri nje."

Hatufichi kwamba tuliona uchungu. Hatukuwa sisi tuliombishia hodi. Lakini tulipokaa chini ya mti, bereti mkononi, tulikumbuka ni mara ngapi raia amenyamaza mbele yetu kizuizini, nasi tukaandika kwamba ana la kuficha.

Dirishani ikasikika sauti ya mama, ya chini, kwa Kiswahili cha kwao: homa siku tatu, mutoto hataki kunyonya. Mmoja wa wageni akamwomba muuguzi mwenyeji alirudie neno la mwisho polepole, apate kuliandika.