Sura ya Tano: Kiziwi Haongezewi Sauti

Waandaaji wa mikutano wa Kirumba na Butembo, huku kwetu Congo, wakishajenga njia ya mteremko mlangoni, huona kazi imekwisha. Njia hiyo ni ya lazima, na kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za urefu, la sivyo mwenye kiti cha magurudumu atasukumwa kama mzigo. Lakini kiziwi aliyeingia kwa miguu yake bado hajapata neno. Ebola ilipotuua hapa, kuanzia 2018 hadi 2020, maonyo mengi yalipita redioni na kwenye megafoni.

Wengine humwongezea kiziwi sauti ya spika. Wengine humwita mchungaji amfungue masikio mbele ya watu, eti amelaaniwa au amerogwa. Ni upuuzi, tena unaumiza. Andrew Foster wa Marekani alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Hakurogwa na mtu. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, kisha akaendelea kufungua nyingine Afrika, zaidi ya 30, hadi ajali ya ndege ilipomuua Rwanda mwaka 1987. Ishara za Kimarekani alizofundishia ndizo zilizoenea katika shule nyingi za nchi za Afrika zinazosoma kwa Kifaransa, Congo ikiwamo. Nazo zilichota mengi kwa Laurent Clerc, mwalimu kiziwi aliyetoka Ufaransa kwenda Marekani mwaka 1816.

Lakini msiniambie basi kuwa lugha ya ishara ni moja duniani. Uganda wana yao, na mkalimani wa ishara aliyevuka mpaka wa Kasindi kutoka huko huenda asieleweke Butembo. Waulizeni viziwi wenu ni nani anayewatafsiria vizuri.

Mkalimani huyo asimame karibu na msemaji, asiwe na dirisha mgongoni. Mwanga ukitoka nyuma yake uso unaingia giza, na uso ni sehemu ya sarufi: nyusi ndizo zinazouliza swali. Avae nguo isiyo na maua, ya rangi iliyo mbali na ya ngozi yake, mikono ionekane. Mkizima taa ili picha za projekta zing'ae, mmemnyamazisha. Muachieni taa yake. Jenereta ikizimika, msemaji anyamaze mpaka tochi ipatikane. Mkutano ukiwa mrefu, wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi.

Vilevile, kwa asiyeona, "kama mnavyoona hapa" si maelezo. Picha isemwe kwa maneno.

Na malipo ya mkalimani yaandikwe kwenye bajeti siku ileile mnapoandika mafuta ya jenereta.