Nyumba Inanunuliwa Mara Mbili

Ukipita Katuba, Kenya au Ruashi, utasoma kwenye kuta za parseli maneno yaliyoandikwa kwa rangi: "Parcelle à ne pas vendre", nyumba hii haiuzwi. Mgeni anaweza kufikiri mwenye nyumba anajivuna. Sisi wa Lubumbashi tunajua kwamba ni woga. Ndani ya nyumba ile kuna mtu anayeogopa kwamba ndugu, mume au mtoto mmoja atapokea dola za mnunuzi kwa siri, na wengine watapata habari siku mnunuzi atakapofika mlangoni na vyombo vyake.

Mara nyingi mwenye kuogopa ni mama. Kwa hiyo wiki hii tunazungumza juu ya kununua na kuuza nyumba. Hatusemi nyumba za matajiri. Tunasema zile ambazo familia zetu zinaweza kuzifikia: parseli ya Katuba yenye nyumba ya vyumba viwili, au kiwanja cha Kasungami au Kalebuka chenye msingi na lundo la matofali ya kuchoma yanayosubiri pesa za mabati.

Neno letu ni moja. Katika mji huu nyumba inanunuliwa mara mbili. Mara ya kwanza unainunua kwa yule anayeuza. Mara ya pili unaifuata ofisini mpaka jina lako liandikwe. Familia nyingi zinamaliza ile ya kwanza, zinafanya sherehe, na zinaacha ya pili. Siku matata yanapokuja, anayetoka nje na watoto ni mama.

KARATASI SI ZOTE SAWA

Mji wetu ulianza mwaka 1910, na kwa miaka mingi nyumba ya mfanyakazi haikuwa yake. Aliyefanya kazi Union Minière alikaa kambini mwa kampuni, na kazi ilipoisha alitoka. Miaka ya 1950 ndipo wengi walianza kuwa na nyumba zao. Katuba, wakaaji walikopeshwa vifaa wakajijengea. Ruashi, nyumba zilijengwa na Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952. Ndiyo sababu hata leo kuna bibi anayetunza ndani ya sanduku kijitabu cha zamani kinachoitwa "livret de logeur".

Halafu ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Sheria hiyo inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sisi hatununui udongo. Tunapata haki ya kuutumia, na Mkongo anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho, yaani "concession perpétuelle". Tena sheria inasema haki hiyo inasimama juu ya karatasi moja tu: "certificat d'enregistrement", ambayo hapa tutaiita sertifika.

Karatasi nyingine zina faida yake, lakini hazitoshi. Fishi ya parseli inayotolewa kwenye komini inaonyesha nani anakaa pale. Livret de logeur ya bibi inaweza kuwa mlango wa kupata sertifika, kwa sababu sheria ya 1973 yenyewe iliwafungulia njia Wakongo wenye kijitabu hicho, ikiwa parseli iko katika eneo lililogawanywa na kupimwa, na imejengwa kwa utaratibu. Karatasi ya chifu wa kimila, ambayo wengi wanapewa wakinunua viwanja vya komini Annexe, inaonyesha kwamba chifu alikubali. Lakini karatasi hizo tatu, hata zikiwa na mihuri mingi, si sertifika. Mtu anayekuuzia akisema "karatasi zote zipo", mwombe azitaje moja moja.

Sertifika inaandikwa mara mbili. Moja inabaki katika kitabu cha konservateri wa hati za ardhi, nyingine anapewa mwenye haki. Juu yake kuna namba mbili za kushika: volume na folio. Na kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: miaka miwili ikipita tangu sertifika kuandikwa, haivunjwi tena. Aliyeonewa anabaki na kesi ya kudai alipwe hasara yake, lakini parseli yenyewe hairudi. Ikiwa sertifika ina jina lako, sheria hiyo ni ukuta wako. Ikiwa mwingine aliandikisha parseli yako wakati wewe umekaa kimya na fishi ya komini, ukuta ni wake.

KABLA YA KUTOA DOLA

Komisioneri anaharakisha. Anasema kuna mnunuzi mwingine njiani, lete hata nusu leo. Kazi yake ni kupata fungu lake siku nyumba inapouzwa. Kazi yako ni kulala salama miaka yote inayofuata. Mwambie asubiri, halafu fanya haya.

Kwanza, andika volume na folio ya sertifika unayoonyeshwa. Uliza parseli iko chini ya ofisi gani ya hati za ardhi, uende huko kulinganisha na kitabu. Jina ni la nani? Nyumba imewekwa rehani ya benki? Rehani inaandikwa pale pale, na inafuata nyumba hata ikibadilisha mwenyewe.

Pili, tembelea parseli bila komisioneri. Fika asubuhi siku moja, jioni siku nyingine. Ongea na majirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Waulize mipaka iko wapi na kama kuna ugomvi. Ongea na mpangaji kama yupo: analipa nani kila mwezi? Mpangaji anajua mengi kuliko komisioneri. Usiache kufika kwa mkubwa wa mtaa. Na watu wa kadasta wapime tena, kwa sababu ukuta wa jirani unaweza kuingia mita mbili ndani ya kiwanja unachouziwa.

Tatu, angalia nani wanauza. Kama muuzaji ana mke, mke awepo na atie sahihi. Kama ni nyumba ya marehemu, warithi wawepo. Tutarudi kwa jambo hili.

Nne, pesa zisipite mkononi mwa komisioneri. Mkataba ufanywe mbele ya notere, kwa sababu konservateri anabadilisha jina akiona mkataba uliothibitishwa namna hiyo. Hesabu dola mbele ya mashahidi, na upate karatasi ya kupokea yenye sahihi, hata kwa malipo ya nusu.

Tano, usimalize pesa zote kwa muuzaji. Tenga za ofisi tangu mwanzo. Mama anayenunua nyumba kwa dola zote alizonazo, akisema karatasi atazifanya mwaka ujao, amenunua mara moja tu.

JINA LA MAMA

Chukua mama anayeuza unga sokoni. Amekula likelemba mara tatu, zote zimeingia katika matofali. Mume wake ameleta mabati na mshahara wa miezi kadhaa. Siku ya karatasi, mume anakwenda peke yake, kwa sababu mama yuko sokoni, na sertifika inatoka na jina moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini miaka kumi baadaye, jina lile moja linaweza kusema kwamba mama hakuleta kitu.

Sheria haisemi hivyo. Kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kinasema kwamba kama bibi na bwana hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, mali waliyotafuta pamoja ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Tena, utaratibu wowote waliochagua, nyumba au parseli haiwezi kuuzwa bila makubaliano ya wote wawili, hata ikiwa imeandikwa kwa jina la mmoja. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo ya sheria. Tangu 2016 sharti hilo limetoka. Wawili wanapaswa kupatana.

Lakini sheria inamlinda mke anayejulikana kama mke. Ikiwa mahari ililipwa, familia zikala na kucheza, halafu ndoa haikuandikwa kwenye ofisi ya état civil ya komini, mama atahangaika kuonyesha kwamba ni mke. Ndoa ya kimila inaandikishwa. Cheti cha ndoa ni karatasi ya nyumba, sawa na sertifika. Viweke pamoja.

Na siku ya kwenda kwa notere, funga meza ya soko kwa saa chache. Faida utakayokosa siku ile ni ndogo. Omba majina yote mawili yaandikwe. Mume mwenye nia njema hatakasirika ukimwambia: "Baba, tuandike wote wawili, watoto wasisumbuliwe kesho."

NYUMBA YA MAREHEMU

Hapa ndipo machozi mengi yanapotoka. Baba amefariki, matanga hayajaisha, na tayari wajomba na mashangazi wanahesabu vyumba. Wengine wanasema nyumba ni ya ukoo. Wengine wanasema mjane arudi kwao.

Sheria ya familia inaweka mambo hivi. Kwanza inatolewa sehemu ya mjane mwenyewe katika mali waliyotafuta pamoja; sehemu hiyo si urithi, ni yake. Katika kile kilichokuwa cha marehemu, watoto wanapata robo tatu. Watoto hao ni pamoja na wale aliowazaa nje ya ndoa akawatambua. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, maadamu haolewi tena ndani ya nyumba hiyo. Hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa na magodoro yake.

Yule anayechaguliwa kusimamia mali, likwidateri, si mwenye nyumba. Kazi yake ni kuangalia na kugawanya. Akikuuzia nyumba peke yake, bila warithi wengine, amekuuzia kesi. Kwa hiyo mama anayenunua nyumba ya marehemu kwa bei ya chini ajue kwamba bei imeshuka kwa sababu hatari imepanda. Na kumbuka, yule mjane anayetolewa ili wewe uingie ni mama kama wewe.

TUKIUZA SISI

Tunauza kwa sababu ya ugonjwa, minerval, kilio, au kazi iliyoisha. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na mji huu uliona jinsi pesa za mara moja zinavyoyeyuka. Nyumba ikishauzwa, dola zake zinakwenda njia ile ile. Kabla ya kuuza, jiulizeni kama chumba kimoja kinaweza kupangishwa, au kipande cha parseli kupunguzwa kwa njia ya ofisi, badala ya kuuza yote.

Ikibidi kuuza, nyumba yenye sertifika safi inapata bei nzuri kuliko yenye fishi tu, kwa sababu mnunuzi halipi tena woga wake. Na msitoke kabla ya kujua mtakakolala. Wakubwa wasiwaache watoto bila habari. Mtoto aliyefikia umri asikie kutoka kwenu, si kutoka kwa komisioneri.

Tunaomba kila kikundi kifanye jambo dogo katika mkutano unaokuja. Kila mama aulize nyumbani: karatasi ya parseli yetu ni ipi, jina ni la nani, iko wapi? Asitie aibu yeyote akigundua hajui. Walio na fishi tu wakae pamoja waone kama likelemba moja inaweza kutengwa kwa ajili ya karatasi, kama tunavyofanya kwa mabati. Ikitakiwa avoka, watu kumi wakienda pamoja wanasikilizwa vizuri, na gharama inagawanyika.

Maneno ya ukutani yanaoshwa na mvua za kila mwaka, na tapeli hasomi kuta. Kitabu cha konservateri hakioshwi na mvua. Jina la mama liingie humo.