Kabari Katikati ya Unyayo

Lowesha unyayo, kanyaga sakafu ya saruji, kisha tazama alama. Kwa wengi wetu, kisigino na sehemu ya mbele huunganishwa na ukanda upande wa nje. Mwenye tao lililopanda mno anaweza kuacha mabaka mawili yasiyogusana. Uzito wake wote hubebwa na sehemu hizo mbili: sugu huota, vidole hujikunja kama makucha, kifundo hutenguka hata penye njia tambarare.

Mara nyingi chanzo kiko kwenye neva. Mwaka 1886 madaktari Charcot na Marie wa Paris, na Tooth wa Uingereza, walieleza ugonjwa wa kurithi ambao hadi leo unaitwa kwa majina yao. Misuli haidhoofiki kwa pamoja. Msuli unaoinua unyayo hulegea, lakini unaovuta chini upande wa kidole gumba hubaki na nguvu, kama mlingoti wa jahazi uliolegezwa kamba upande mmoja. Mtoto anavyokua, mifupa hufuata mvuto huo.

Mifupa ikishakakamaa hivyo, kiatu maalumu hupunguza maumivu lakini hakinyooshi kitu. Mwaka 1940 daktari wa upasuaji Cole alieleza njia ambayo seremala yeyote angeielewa: kata kabari katikati ya unyayo, pana juu, nyembamba chini, kisha funga pengo. Sehemu ya mbele huinuka, tao hushuka. Ila unyayo hufupika. Mwaka 1968 daktari mwingine, Japas, akaeleza mkato wa umbo la V, ncha ikielekea kisigino, bila kuondoa kabari. Ukingo wa nyuma wa kipande cha mbele hukandamizwa chini, na vidole huinuka. Urefu hubaki.

Hukatwa katikati kwa sababu viungo vya hapo husogea kidogo tu. Kifundo, tunachokitegemea penye mawe na vilima, huachwa kicheze.

Kabla ya kisu kuna kipimo ninachokistaajabia kwa urahisi wake, alichokieleza daktari Coleman mwaka 1977. Mgonjwa hukanyaga kibao kwa kisigino na ukingo wa nje, upande wa kidole gumba ukining'inia. Kisigino kilichopinda kikinyooka, kimepindishwa na sehemu ya mbele, na bado kinanyumbulika.

Baada ya upasuaji ni pini, plasta na wiki kadhaa za magongo. Lakini mkato peke yake hauzuii misuli ile ile kuuvuta unyayo upya. Mara nyingi madaktari huhamisha pia kano yenye nguvu ikasaidie palipolegea. Ukiambiwa mfupa utakatwa, uliza: na kano zangu, je?