Darasa la Kazi Wakati wa Maradhi Yaeneayo

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowahusu wote wafundishao na wote wajifunzao kazi. Jambo lenyewe ni hili: maradhi ya kuambukiza yanapoenea katika nchi, na watu bado wana haja ya kukusanyika katika chumba kimoja kwa mafunzo, wafanyeje ili darasa lisiwe mlango wa ugonjwa?

Maradhi ya namna hii si mageni kwetu. Katika mwaka 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara, ikaua watu wengi sana. Miaka zaidi ya mia baadaye, tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ugonjwa wa korona, uitwao pia UVIKO-19, umekuwa ugonjwa wa dunia nzima. Kabla mwezi ule haujaisha, shule na vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda vilikuwa vimefungwa. Tanzania ilifungua vyuo vikuu na kidato cha sita tarehe 1 Juni 2020, na shule nyingine tarehe 29 ya mwezi ule ule. Kenya ilirudisha baadhi ya madarasa tarehe 12 Oktoba 2020, na wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Katika Uganda wako watoto ambao hawakurudi darasani mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili.

Wakati ule redio ilifanya kazi kubwa ya kupeleka masomo majumbani. Lakini sisi tunenao katika redio twajua mpaka wa kazi yetu. Redio yaweza kumweleza mtu jinsi mshipa unavyofungwa usitoke damu, lakini haiwezi kuushika mkono wake na kumwambia, “Hapa kaza, hapa legeza.” Mkunga, fundi cherehani, fundi wa umeme, na mtu ajifunzaye huduma ya kwanza, hawa wote hawana budi kukaa karibu na mwalimu na vyombo vya kazi. Darasa lao likifungwa mwaka mzima, nchi hukosa wakunga na mafundi. Likifunguliwa pasipo uangalifu, mwanafunzi hupeleka ugonjwa nyumbani kwa babu na bibi yake.

Wengine hudhani kwamba hapana njia ya tatu. Lakini iko, nayo imejaribiwa zamani. Katika mwaka 1918, miji mingi ya Marekani ilipofunga shule zake, mji wa New York haukuzifunga, ingawa ulikuwa na wanafunzi karibu milioni moja. Mkuu wa afya wa mji ule, Royal Copeland, alifikiri kwamba mtoto atokaye katika nyumba ya kupanga iliyosongamana ni heri awe shuleni, penye nafasi na hewa, na penye mtu wa kumtazama. Basi kila asubuhi walimu waliwatazama wanafunzi mmoja mmoja, na aliyeonekana ana dalili za ugonjwa alitengwa na kushughulikiwa na watu wa afya. Hivyo milango ilikuwa wazi, lakini palikuwa na mlinzi.

Sasa yafaa tujue maradhi haya hupitaje kutoka mtu hadi mtu. Mtu aliyeambukizwa anapopumua, anaposema, anapoimba, au anapokohoa, hutoa matone ya mate. Yale makubwa huanguka chini upesi, karibu naye. Lakini yako madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, ambayo huelea katika hewa kama moshi wa sigara, yakajaa chumba kilichofungwa. Na mtu akaaye upande wa pili huyavuta pamoja na pumzi yake. Tena, katika ugonjwa wa korona, mtu aweza kuwaambukiza wengine siku mbili kabla yeye mwenyewe hajaona dalili yoyote.

Nitatoa mfano mmoja uliochunguzwa vizuri. Tarehe 10 Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, waimbaji 61 walikutana ukumbini kufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Walikuwa watu waangalifu. Dawa ya kusafishia mikono iliwekwa mlangoni, na wengi wao waliacha kupeana mikono na kukumbatiana kama ilivyokuwa desturi yao. Lakini mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baada ya siku chache wenzake 52 walikuwa wagonjwa. 32 walithibitishwa kwa vipimo, na 20 walihesabiwa kwa dalili zao. Wawili walikufa. Watu hawa walijilinda katika mikono, lakini hatari ilikuwa katika hewa, na siku zile watu wengi walikuwa hawajalijua jambo hilo. Sisi tunalijua, wala hatuna udhuru.

Basi neno la kwanza kwa mwalimu ni hewa. Katika mwaka 1921 au 2021, mapafu ni yale yale, lakini leo kiasi cha hewa chaweza kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2021, lilitaja lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Na tufanye hesabu. Chumba chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6, na kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 162 za hewa. Watu 24 wakikaa humo huhitaji lita 240 kila sekunde, yaani mita za ujazo 864 kwa saa. Maana yake ni kwamba hewa yote ya chumba kile yapasa ibadilishwe zaidi ya mara 5 kila saa. Dirisha moja lililofunguliwa nusu halitoshi kwa kazi hiyo. Yataka madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, na mlango pia, ili upepo uingie huku na kutokea kule.

Watu wengi hudanganyika kwa pangaboi. Pangaboi lizungukalo katika chumba kilichofungwa huichanganya tu hewa ile ile. Na kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa iliyomo ndani, hakileti mpya. Wenye uwezo waweza kununua kipimo kidogo kinachoonyesha kiasi cha hewa chafu itokayo mapafuni, iitwayo kaboni daioksaidi. Nje kipimo husoma karibu sehemu 420 katika milioni. Ndani kikipita 1,000, ni ishara kwamba watu wanavuta pumzi za wenzao. Asiye na kipimo na atoke nje kidogo, kisha aingie tena: akisikia chumba kizito na kina harufu ya watu, hewa haitoshi.

Na mvua ikinyesha, madirisha yakafungwa, tufanyeje? Tusiseme, “Leo hapana budi.” Tupunguze watu, au tufupishe somo, au tutoke kila baada ya muda mfupi ili chumba kipumzike. Siku za jua, somo lisilohitaji meza wala umeme laweza kufundishwa chini ya mwembe au barazani.

Neno la pili ni idadi ya watu na mahali pa kila mmoja. Tukiacha mita moja na nusu kati ya mtu na mwenziwe, chumba kile tulichokihesabu kitakuwa na safu 6 za watu wanne wanne, yaani watu 24. Ikiwa wanafunzi ni 48, wagawanywe makundi mawili, moja lije asubuhi na jingine alasiri, wala makundi hayo yasichanganyike. Kila mtu akae mahali pake siku zote, na majina ya waliohudhuria yaandikwe kila siku. Mmoja akiugua, mwalimu atajua mara moja ni nani waliokaa karibu naye, naye hatakuwa na haja ya kulitia hofu darasa zima.

Neno la tatu ni barakoa. Yafaa ifunike pua na mdomo pamoja, ishike vizuri mashavuni, maana pumzi hupita palipo wazi. Iliyovaliwa kidevuni haimlindi mtu yeyote. Mwalimu asidhani kwamba kwa kuwa yeye amesimama mbele peke yake, aweza kuivua. Ndiye anenaye kwa muda mrefu kuliko wote, na kwa sauti kubwa kuliko wote; basi yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kuivaa. Tena desturi yetu ya darasa zima kuitikia kwa pamoja kwa sauti kuu ni nzuri, lakini wakati wa maradhi na iachwe; watu waandike majibu, au wainue mikono. Saa ya chai pia iangaliwe. Ndipo barakoa zote zivuliwapo, na marafiki husogeleana kuzungumza. Chai na inywewe nje.

Neno la nne ni mikono na vyombo vya kazi. Hatari ya vyombo ni ndogo kuliko ya hewa, lakini ipo, na mikono safi hutukinga na maradhi mengine mengi, kama kuhara na kipindupindu. Mahali pasipo bomba, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni vyatosha. Mtu asugue mikono kwa sekunde 20 au zaidi kabla ya kuingia na baada ya kazi. Mkasi, cherehani na nyundo vipanguswe kabla ya kupokewa na mwingine. Katika somo la huduma ya kwanza uangalifu uzidi. Sanamu ya mtu inayotumiwa kufundishia isipulizwe mdomoni na watu wengi mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi na wajifunze juu yake kukandamiza kifua kwa mikono, na uso na kifua chake vipanguswe kwa dawa yenye spiriti kila mtu amalizapo.

Sasa nafika neno la tano, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ingawa halihitaji chombo chochote. Ni habari ya mtu aliye mgonjwa.

Kila darasa huandika mlangoni, “Mwenye homa au kikohozi asiingie.” Ni amri njema. Lakini na tumfikiri msichana mmoja ajifunzaye kushona. Mama yake ameuza kuku na mbuzi ili alipe ada. Amebakiwa na wiki mbili tu apate cheti chake, na kanuni ya chuo yasema kwamba akosaye siku tatu hufutwa. Asubuhi moja anaamka na koo linawasha na mwili una joto. Je, atabaki nyumbani? Atameza vidonge viwili vya kupunguza homa, atavaa barakoa, na atakuja. Wala tusimwite mwovu. Ni kanuni yetu sisi iliyomfundisha kuficha. Wahenga walisema, “Mficha maradhi kifo humuumbua”. Lakini hapa mfichaji si mmoja, maana aliyetunga kanuni ile amemsaidia kuficha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua sabuni na ndoo, wenye chuo na watengeneze kanuni nyingine. Mgonjwa asikatwe siku zake. Ada yake isipotee. Somo alilokosa lirudiwe, au apewe nafasi katika kundi lifuatalo. Na mwalimu vivyo hivyo: ikiwa hulipwa kwa siku, naye huogopa kukosa ujira, atakuja kufundisha na homa yake, na atawaambukiza watu 24 kwa siku moja. Mshahara wa siku zake za ugonjwa utakuwa gharama ndogo kuliko kufunga darasa zima. Katika ugonjwa wa korona wengi walifuata kanuni ya kumtenga mgonjwa siku 10 tangu dalili zilipoanza. Siku hizo ni nyingi kwa maskini, na kama hazina fidia hatazishika.

Mtu akiugua akiwa darasani, asiaibishwe mbele ya wenziwe. Apelekwe mahali pa peke yake penye hewa, avae barakoa, jamaa zake wapewe habari, na apelekwe hospitali ikiwa anapumua kwa shida. Waliokaa karibu naye waambiwe kweli, kwa upole, bila ya kutangaza siri zake mtaani. Darasa likimtendea mmoja kwa aibu, la pili atanyamaza.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hali ya dharura ya ugonjwa wa korona imekwisha. Ndoo nyingi zilizowekwa milangoni zimeondolewa, na madirisha mengi yamefungwa tena. Lakini mafua, kifua kikuu na surua hupita katika hewa ile ile, na hayakungoja tangazo. Basi, wewe mwalimu unisikilizaye, kesho ufikapo darasani fanya mambo mawili tu kwa kuanza. Fungua madirisha ya pande zote mbili. Kisha waambie wanafunzi wako, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba yeyote atakayeugua na akae nyumbani, na kwamba mahali pake patamngojea mpaka apone.