Kofia ya Baisikeli: Je, Ghali Ndiyo Imara?

Wenye kitabu wafuate kwa kidole. Wasio nacho wasikilize vema. Leo tutajifunza habari za kofia ngumu ya mpanda baisikeli, ambayo wengi huiita helmeti. Swali letu ni moja: je, yafaa kutoa fedha nyingi kununua kofia ya bei kubwa, au ya bei ndogo yatosha?

Swali hili si dogo. Wewe unayepakia abiria au magunia kwa baisikeli, kichwa chako ndicho mtaji wako wa kwanza. Ukianguka ukavunjika mkono, mkono utaungwa. Lakini ubongo ukiumia sana, huenda usiweze tena kufanya kazi, wala kuwatambua watoto wako. Fedha nazo ni chache, na shilingi iliyotolewa bure ni daftari la mtoto lililokosekana.

Kwanza tujue kofia inavyofanya kazi. Twaa yai, uliangushe juu ya sakafu ya saruji: litapasuka. Liangushe jingine, kutoka kimo kilekile, juu ya godoro nene: huenda likabaki zima. Mayai ni sawa na kimo ni kimoja. Tofauti ni kwamba saruji hulisimamisha yai ghafula, bali godoro hulisimamisha taratibu.

Basi, kofia ni godoro la kichwa. Ndani yake mna povu gumu, jamii ya lile jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kikipiga barabara, povu hubonyea, na ubongo hausimamishwi kwa ghafula kubwa. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuuza kofia ya baisikeli yenye povu hilo mwaka 1975. Mpaka leo, kofia nyingi za bei ndogo na za bei kubwa hutumia povu la jamii hiyohiyo.

Tutajuaje kwamba kofia fulani yafaa? Kwa mtihani. Nchini Marekani, tangu mwaka 1999, sheria inataka kofia za baisikeli zinazotengenezwa ziwe za aina iliyofaulu. Kofia huvikwa kichwa cha bandia chenye chombo cha kupimia, kisha huangushwa kutoka kimo cha mita 2 juu ya chuma bapa. Katika nchi za Ulaya kimo ni kama mita 1.5. Kitu kikianguka kutoka vimo hivyo, hufika chini kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Katika mtihani huo haiulizwi bei. Kofia ya maskini na ya tajiri huangushwa kutoka kimo kilekile.

Sasa utauliza, “Kwa nini basi nyingine ni ghali?” Mara nyingi unalipia wepesi wake, matundu mengi ya kupitisha hewa, umbo la kupasua upepo, na jina la kampuni. Hayo yanamfaa mshindani wa mbio. Hayana maana kwamba kichwa chake kimekingwa zaidi kuliko chako. Tuseme kofia moja ni shilingi 40,000 na nyingine ni shilingi 400,000. Bei imezidi mara 10. Kinga haizidi mara 10.

Chuo kikuu cha Virginia Tech, huko Marekani, kimekuwa kikipima kofia za baisikeli na kutangaza alama zake tangu mwaka 2018. Kofia za bei ya wastani zimepata nyota zote 5, na kofia kadhaa zilizo ghali kuliko hizo zimepata pungufu.

Kuna jambo moja ambalo laweza kustahili nyongeza kidogo ya bei. Mtu akianguka kwa ubavu, kichwa huzungushwa, na mzunguko huo huumiza ubongo. Kwa hiyo kofia nyingine zina utando mwembamba ndani unaoteleza kidogo ili kupunguza mzunguko. Utando wa namna hiyo, uitwao MIPS, ulibuniwa Sweden. Siku hizi haupatikani katika kofia ghali tu.

Lakini angalia! Husemwa kwamba rahisi ni ghali, na hapa pana mahali ambapo neno hilo ni kweli. Kofia isiyo na alama ya mtihani ni pambo tu. Tazama karatasi iliyobandikwa ndani: ya Ulaya huandikwa EN 1078, ya Marekani huandikwa CPSC. Kofia ya mtumba ni bahati nasibu, maana povu likisha kubonyea mara moja halirudi, na ufa waweza kujificha ndani. Kofia ya fundi wa ujenzi imeundwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, si kwa mtu anayeanguka barabarani. Na mwenye pikipiki asivae ya baisikeli. Mwendo wake ni mkubwa, naye ana kofia yake.

Ukifika dukani, ivae. Ukingo wake wa mbele uwe juu ya nyusi kwa vidole 2. Funga ukanda chini ya kidevu, pabaki nafasi ya kidole kimoja au 2 tu. Tikisa kichwa, ikicheza, tafuta nyingine. Kofia ghali iliyolegea yashindwa na ya bei ndogo iliyokaa vema.

Nyumbani, ioshe kwa maji na sabuni. Usiitie petroli, maana petroli huliyeyusha povu. Ukianguka nayo ikapiga chini kwa nguvu, iache, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Imekwisha kufanya kazi yake.

Basi kumbuka: lipia alama ya mtihani na kofia inayokutosha. Fedha inayobaki ni yako; pengine breki za baisikeli yako zinaihitaji zaidi.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini yai haliumii sana juu ya godoro?
2. Taja mambo mawili yanayoongeza bei ya kofia bila kuongeza kinga.
3. Kwa nini haifai kununua kofia ya mtumba?
4. Tazama kofia ya jirani yako. Ina alama gani ndani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.