Daraja Tulilolilipia Wenyewe

Hadi katikati ya mwaka 2025, safari ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita ilikuwa mikononi mwa kivuko. Basi likifika Kigongo, abiria walishuka kusubiri zamu huku Busisi wakiiona kwa macho, ng'ambo ya maji. Hata mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitali ya Bugando alisubiri. Juni 19 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa gari linavuka kwa dakika chache.

Wako wanaoliita msaada wa Wachina. Kosa hilo linaniuma. Daraja limejengwa kwa fedha za serikali yetu, zaidi ya shilingi bilioni 700, na kampuni mbili za China zilikuja kama makandarasi. Mojawapo ni CCECC.

Asili ya kampuni hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Iliundwa mwaka 1979 kutokana na idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ile ile iliyojenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli ile ilikuwa habari nyingine kabisa. Benki ya Dunia ilikuwa imekataa kuigharamia, na Zambia ilibanwa na walowezi wa Rhodesia kusini yake. Mwaka 1967 China, ingawa yenyewe ilikuwa bado maskini, ilitia saini mkataba na serikali za Nyerere na Kaunda. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Sehemu ya gharama za humu nchini ilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Kilomita 1,860 zilikamilika mwaka 1975. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na wengi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Deni hilo la heshima nalikubali. Lakini aliyekukopesha bila riba unamshukuru. Uliyemlipa unamdai kazi imara, hesabu zilizo wazi na ujuzi kwa vijana wako. Tukichanganya hao wawili, tunaona haya kuuliza.

Mwaka huohuo wa 2025, CCECC ilikabidhiwa kwa mkataba kuikarabati na kuiendesha TAZARA yenyewe kwa miaka 30. Mkataba huo usomwe hadharani, kwa Kiswahili, na Kigongo na Busisi pia wausikie.